Kamera Ndogo ya Atieno na Mkono wa Mzee Obara

Mnaponijia hapa Nyamasaria, ninyi vijana, swali lenu ni lile lile na hata hamjakaa vizuri. "Mama Rukia, ninunue kamera gani?" Mnataka nitaje jina na namba, muandike kwenye simu, muondoke. Siwajibu. Nawamiminia chai kwanza, halafu nauliza: unataka kumpiga nani picha? Hapo ndipo mnapoanza kutazama dari. Mmoja aliniambia anataka kupiga kila kitu. Nikamwambia kamera ya kila kitu ni simu, na anayo tayari mfukoni, aende salama.

Nimestaafu sasa. Magoti yalikataa kupanda ngazi za studio, nami sikubishana nayo. Lakini nimewapiga watu picha Kisumu hii tangu nikiwa msichana, enzi za filamu, mpaka juzi juzi za kadi na kompyuta. Katika harusi zetu za Waislamu mimi ndiye niliyekuwa naingia upande wa akina mama, ambako mpiga picha mwanamume hakanyagi, kwa hiyo kazi haikunipungukia hata mwaka mmoja. Basi mjue anayesema nanyi ni mama wa mjini, mwenye miwani minene na mdomo usiopumzika. Ukichoka, chai iko hapo, jimiminie.

Leo nitawaambia habari za Atieno. Yeye ndiye pekee aliyekuja na jibu kabla sijauliza.

Atieno anafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Manyatta. Anawachapia watu barua za kuomba kazi na kuwapiga picha za pasipoti kwa simu, mbele ya shuka jeupe. Alikuja mchana mmoja, akasimama mlangoni na mkoba wake umeshikwa kwa mikono miwili.

"Mama, nataka kamera ya DSLR. Pesa iko kidogo, ni zamu yangu ya chama, ile ya kuchangiana. Nikikosea siwezi pata ingine."

"Kaa kwanza. Ya kumpiga nani?"

"Kwara," akasema. Yaani babu yake. "Na lazima iwe kabla aende hospitali."

Akanieleza. Babu yake, Mzee Obara, alikuwa fundi wa injini za mashua kule Port Victoria, na sasa yuko nyumbani tu. Chini ya taya alikuwa na uvimbe. Madaktari wa hapa Kisumu walisema utaondolewa, na kwamba atapona, lakini mdomo unaweza kuvutwa upande mmoja na usirudi. Mzee aliposikia hivyo hakuuliza habari ya maumivu wala ya chakula. Alisema, "Basi nipigwe picha kwanza. Ile ya siku ile."

Kama wewe ni mtu wa huku, unajua ni picha gani. Mzee akituacha, picha yake ndiyo inayotangulia kila mahali. Iko kwenye tangazo, iko kwenye karatasi ya ratiba, iko juu ya jeneza watu wakipita, halafu inarudi sebuleni na kukaa ukutani mpaka wajukuu wazeeke. Na kwa kuwa wengi hatupendi kuifikiria siku hiyo, hatujiandai. Familia inakimbilia studio na picha ya harusi ya mtu mwingine kabisa, kidole kimewekwa katikati ya kundi: "Mama, tutolee huyu hapa."

Nimewatoa wengi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Shida ilikuwa ni mikono. Huku kwetu watu wakisimama kupigwa picha wanashikana. Unamkata marehemu vizuri, unamweka peke yake, halafu unaona begani pake kuna vidole vya shemeji. Unafanyaje? Enzi za filamu nilikuwa na brashi nyembamba na wino, ninavifunika vile vidole kwa kuchora ukosi wa koti au pindo la leso. Kuna mama mmoja nilimchorea kitambaa ambacho hakuwahi kuwa nacho maishani, na dada zake wakagombana kilikuwa cha nani.

Kwa hiyo Mzee Obara alinifurahisha kabla sijamwona. Mtu anayeagiza picha yake mwenyewe, akiwa hai, ni mteja wa kuheshimiwa.

"Mbona usimpige na simu?" nikamwuliza Atieno. Nilikuwa namjaribu.

"Nimempiga. Aliangalia akasema hii simu imempatia pua ya mtu mwingine."

Na mzee alikuwa sahihi. Sikilizeni hapa, hili ni la bure. Lenzi ya simu inaona upana mkubwa, kwa hiyo ili uso ujaze picha inabidi umkaribie mtu sana. Ukimkaribia hivyo, pua iko mbele na masikio yako nyuma, na lenzi inakuza kilicho karibu. Ndiyo maana mnapendeza kwenye kioo halafu kwenye simu mnajikasirikia. Picha ya uso inapigwa kutoka mbali kidogo, hatua chache, kwa lenzi inayoona padogo. Hapo pua inarudi kwa mwenyewe.

Aliyenifundisha hilo ni Ramnikbhai, Mhindi aliyekuwa na studio karibu na soko, Mungu amrehemu. Nilienda kwake kufagia. Siku moja akaniona nakodolea macho kamera, akaniambia, "Kwanza wewe tajua kivuli." Akanikalisha mbele ya wateja, kazi yangu ikiwa kuangalia tu kivuli cha pua kinaangukia wapi. Kikianguka juu ya mdomo, mtu anaonekana ana masharubu. Kikienda shavuni, anaonekana ana mawazo. Nilikaa hivyo mpaka nikaanza kuwaona watu sokoni kwa vivuli vyao. Kamera yake yenyewe ilikuwa nzee, kona zimekwaruzika, na alikuwa hataki mtu aiite mbovu. "Mbovu iko mkono," alikuwa anasema, na kunipiga kofi dogo kwenye vidole.

Alinikataza mambo mawili na mimi nimewakataza wengine tangu hapo. La kwanza, ukingo wa picha usimkate mtu kwenye kiungo. Ukitaka kumkata, mkate katikati ya mkono au katikati ya paja, kamwe si kwenye kifundo wala goti, maana ataonekana kilema. La pili, usiiamini kamera ikutafutie fokasi, yaani pale picha inapoonekana wazi bila ukungu. Zilipoingia kamera za kujitafutia zenyewe, hizo za otofokasi, alizicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilizicheka. Nilimwambia Atieno siku ile ile: jicho ni lako, lizoeshe kutafuta.

Haya, twende dukani.

Kuna kijana mmoja mjini, ghorofani, anauza kamera za mitumba. Simtaji jina, tutamwita Kevo. Si mtu mbaya, ila ana maneno mengi mazuri. Tulipoingia, alimwangalia Atieno, akaniangalia mimi, akajua pesa iko kwa nani, akamgeukia Atieno.

"Siz, leo umebahatika."

Akatoa mkoba mkubwa mweusi. Ndani kuna kamera kubwa ya kujaza mikono, lenzi mbili, moja ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, na stendi ya miguu mitatu. Vyote kwa bei ya kumaliza pesa yote aliyokuwa nayo Atieno. Nikaona macho ya msichana yanang'aa, na sikumlaumu. Ukiingia kwenye harusi ya mtu na lenzi kama ile, hata bwana harusi anakupisha. Watu wetu wanampima mpiga picha kwa ukubwa wa anachoning'iniza shingoni. Atieno akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati.

"Mama, si hii ndiyo yenyewe?"

"Nipe."

Sasa vijana, tazameni bibi anavyonunua. Kwanza naiwasha tochi ya simu na kuipitisha ndani ya lenzi, upande huu na upande ule. Sisi tunaishi na unyevu wa ziwa. Lenzi ikifungiwa kabatini kwenye mkoba wake mzuri, inaota ukungu ndani, nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui. Haufutiki kwa kitambaa. Lenzi ile ndefu ilikuwa nao kwenye ukingo. Nikamwonyesha Atieno.

Pili naangalia skrubu za chini. Zikiwa na mikwaruzo, kuna mtu ameifungua, na unataka kujua alitafuta nini humo. Tatu nainusa. Cheka tu. Kamera iliyowahi kuzama ina harufu yake hata ikikauka, na kutu inaanza mahali watu hawatazami, kwenye kijifuniko cha betri. Nikakifungua, nikaigeuza kamera juu chini, nikaigonga kiganjani taratibu.

Ikaanguka punje ya mchele.

Nikaiokota nikaiweka juu ya kaunta. Tukaitazama wote watatu. Mnajua watu wetu. Simu ikiingia maji, ndani ya mchele. Redio ikiingia maji, ndani ya mchele. Huku tuna mchele wa Ahero hapo tu, hakuna nyumba isiyo na gunia. Sasa mtu kaiangusha kamera ziwani, pengine kwenye harusi ya ufukweni, kaifukia kwenye mchele, na vumbi la pumba limeingia mpaka kwenye mashine. Mimi hiyo kesi nimeiona mara nyingi. Maji yakikauka kamera inawaka, inapiga vizuri wiki kadhaa, halafu siku ya kazi inanyamaza.

"Hiyo labda ni ya lunch yangu, Mama," Kevo akasema.

"Basi unakula mbichi," nikamwambia. Naye akacheka, akairudisha mkobani bila kinyongo.

Nikamwuliza ile ndogo ya nyuma ya kabati. Aliona haya kuitoa. Ilikuwa kamera ya miaka mingi, raba ya kushikia imebanduka kipande, kioo cha nyuma kimekwaruzika, na mbele yake lenzi fupi ya plastiki isiyovuta wala kusukuma. Lenzi ya namna hiyo inaona padogo, na ukitaka mtu awe mkubwa, unatembea wewe. Nikapitisha tochi: safi. Nikapiga ukuta mweupe kuona kama kuna madoa: mawili tu, ya vumbi, yanapulizwa. Nikalaza pakiti ya mkate mezani nikapiga maandishi yake kutoka pembeni kuona kama fokasi inaangukia pale nilipoiweka: ilianguka pale pale. Nikasikiliza mlio, mkavu na wa haraka. Nikambonyezesha Kevo mpaka akaonyesha ile hesabu ya ndani ya kamera imebofywa mara ngapi, maana nayo ina umri wake kama gari, na ilikuwa bado ina maisha.

"Hii," nikasema.

Atieno hakuichukua. Aliiangalia pale kaunta, kisha akaniangalia mimi, na nikaona anataka kulia. "Mama, nimechanga mwaka mzima. Nitashika hii mbele ya watu? Wataniuliza kama ni ya mtoto."

Nilimwelewa, na nilitaka sana kumwambia basi chukua ile kubwa. Si kazi ndogo kumkatalia mtu furaha aliyoichanga. Nikamwambia, "Nani anapigwa picha? Watu, au babu yako?"

Kevo naye, kwa mshangao wangu, akasema polepole, "Siz, huyu mama hakudanganyi."

Akaichukua ile ndogo. Pesa iliyobaki ilitosha betri ya pili, kadi mbili na nauli ya Port Victoria, na hizo, nawaambia, ni sehemu ya kamera. Msiniletee kamera iliyokula pesa yote halafu betri imekufa katikati ya keki. Kwenye ile raba iliyobanduka tulizungusha utepe mweusi wa mafundi wa umeme. Ikapendeza kiasi chake.

Tulienda Port Victoria pamoja, mimi na yeye, kwa kuwa nilitaka kumwona mteja wangu. Mzee Obara alitupokea mlangoni akiwa amevaa koti la suti, shati jeupe, na malapa. Mrefu, mikono yake mikavu, na chini ya taya uvimbe wenyewe, kama amehifadhi yai. Akanipa mkono.

"Karibu, Mama. Nimesikia wewe ndio ulinyima mtoto yangu kamera kubwa."

"Ni mimi, Mzee."

"Vizuri. Injini kubwa kwa boti ndogo inazamisha."

Nje walikuwa wametundika turubai la bluu ili tupate kivuli. Atieno akaanza kupanga kiti pale chini. Nikamwita pembeni. Niliwahi kupiga harusi nzima chini ya hema la bluu, vijana, na mama wa bibi harusi alipoziona picha akaniuliza kwa nini nimewapiga kama maiti. Rangi ya turubai inashuka usoni, na ngozi zetu zinaipokea vizuri sana. Likiwa jekundu, watu wanaonekana wametoka kupigana. Kamera inaweza kusahihisha kidogo, lakini ni rahisi zaidi kuhama. Tukaingia sebuleni, tukafungua mlango wote, tukaweka kiti upande wa mwanga wa mlango. Mwanga wa mlango haumdharau mtu.

Ukutani hapo sebuleni kulikuwa na picha moja tu ndani ya fremu. Ya marehemu mke wake, wanamwita Min Ouma, yaani mama yake Ouma, mtoto wao wa kwanza. Mama mwenye uso mpana, amejizuia kucheka akashindwa. Studio fulani ilimtoa kwenye picha ya kundi, na aliyefanya kazi hiyo alikuwa na haraka, maana kwenye bega lake la kushoto, pale pale ukingoni mwa picha, vilibaki vidole vinne vya mtu. Vidole tu, mkono umekatwa.

Jicho langu likawashwa. Nikasema, "Mzee, hivyo vidole, Atieno anaweza kuviondoa kwa kompyuta. Havitaonekana kabisa."

"Wacha," akasema.

Atieno akaninong'oneza kwamba hata binamu zake walishataka kuisafisha, na mzee aliwafukuza na kompyuta yao. Nikaacha. Kila nyumba ina kitu chake.

Atieno akafanya kazi. Nilikaa kando nikijizuia kusema, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kupiga. Akarudi nyuma hatua chache na lenzi yake isiyovuta, akapiga magoti ili awe usawa wa macho ya babu yake, akangoja. Hakusema cheka. Alimwuliza habari ya boti moja iliyomsumbua zamani, na mzee akaanza kuitukana ile injini kwa Kijaluo, na uso ukafunguka. Akabonyeza hapo. Nilitazama nyuma ya kamera: pua yake mwenyewe, macho yana nuru, kivuli shavuni, uvimbe umelala upande wa giza bila kufichwa. Nilitamani Ramnikbhai angekuwepo.

"Imetosha, Kwara," Atieno akasema.

"Bado." Mzee akasimama, akasogeza kiti, akasimama kando yake. "Sasa nipige nikiwa hivi. Mkono iende huku." Akaunyoosha mkono wa kulia pembeni, sawa na bega la mtu aliyekaa. Ukaanza kushuka. Hakuwa na nguvu za zamani. "Mama, kuja ukae hapa. Chini hapa kwa kiti. Hii mkono inachoka."

Nikaja, nikakaa. Akauweka ule mkono wa fundi, wa kulia, juu ya bega langu. Ulikuwa mzito na wa joto. Mimi, niliyekaa nyuma ya kamera maisha yangu yote, sasa nimekaa mbele, kazi yangu ni kuwa bega.

"Kwara, Mama Rukia ataonekana," Atieno akasema.

"Asionekane. Kata mkono hapa." Akajionyesha kwa mkono wa kushoto, pale pale kwenye kifundo.

"Aka, Mzee, hapo hapana," nikasema bila kugeuka. "Mtu hakatwi kwenye kifundo. Utaonekana kilema. Afadhali tukate juu kidogo, hapa kwenye..."

"Mama," akasema, kwa heshima lakini kwa uzito, "wewe ni bega. Atieno, kata hapa."

Atieno akaniangalia, akamwangalia babu yake, akasogea nusu hatua, akabonyeza. Baadaye, tukirudi, aliniuliza kama tuifute. Nilimwambia mteja amesema, mteja ndiye anayezikwa nayo. Lakini moyoni nilijua ile ya kwanza ndiyo picha, na hii ya mkono ni ukaidi wa wazee. Mimi nawajua, maana nimeshaingia chama chao.

Mzee akalazwa, akapasuliwa, akatoka. Uvimbe ulikwenda, na mdomo kweli ulivutwa upande wa kulia, kama mtu anayetaka kukutania. Atieno alinipigia simu siku aliyotoka, akicheka na kulia, kwamba babu ameomba samaki. Hapo nami nilikaa chini nikashukuru. Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyoonyesha.

Alipopata nafuu ya kupokea wageni, tukaenda tena Port Victoria na picha zote mbili zimechapwa. Ukubwa mzee ndiye aliyeagiza. Alipima fremu ya mkewe kwa ufito wa mtama, akaukata, akampa Atieno aje nao mjini. Hiyo ya kwanza, ya macho yenye nuru, aliitazama kwa muda mrefu na kusema ni nzuri sana, hiyo itakaa kwenye kabati mpaka siku ile. Halafu akaomba ya pili, na nyundo, na msumari.

Alikataa kusaidiwa. Akapima urefu kwa macho, fundi ni fundi, akagongelea msumari kulia kwa picha ya mkewe, karibu kabisa, fremu kugusana na fremu. Akaitundika. Akarudi nyuma, akaenda tena, akaishusha kidogo, akarudi.

Mkono wa Mzee Obara ulitoka begani mwake, ukanyooka ndani ya picha yake, ukakatwa kwenye kifundo pale ukingoni. Na upande wa pili wa ukingo, kwenye bega la Min Ouma, vidole vinne vikauendeleza. Palepale. Kwa unene ule ule.

Mimi nilikuwa nimeshika bega langu bila kujijua.

"Hiyo vidole ni yangu," mzee akasema kwa ule mdomo wake mpya, polepole, akiyatafuta maneno. "Tulikuwa harusi ya ndugu yake. Alipokufa, watoto wakapeleka picha studio, wakasema toa mama peke yake. Wakanikata. Wote wanaona hiyo vidole ni makosa, wanataka kufuta." Akaugusa ule ukingo wa fremu mbili kwa kidole. "Amekaa hapo na mkono yangu bila mimi. Sasa nimefika."

Nimekata watu, vijana, maisha yangu yote. Nimefunika vidole kwa wino na kuona nimefanya vizuri, na watu walinishukuru. Sijui vilikuwa vya nani. Siku hiyo, nikiwa nimekaa kwenye kochi la mzee, niliwafikiria wote wenye vidole hivyo, na nikawatakia heri.

Halafu nikamwona Atieno. Amesimama katikati ya sebule, ile kamera ndogo yenye utepe mweusi iko usoni pake, na haibonyezi. Babu yake amesimama chini ya picha mbili, mdomo upande, mkono bado uko ukutani. Mwanga wa mlango unamwangukia sawasawa. Ile ndiyo picha, na msichana ameganda.

"Piga," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Siwezi, Mama. Macho imejaa maji. Sioni fokasi."

"Basi iwashe otofokasi," nikasema. "Iache leo ikutafutie."

Akaiwasha, akalia, akabonyeza.